Nimependekezwa kwenda semina ya kupambana na ugaidi Ujerumani, waliowahi kwenda naombeni ushauri

MtotoWaBuza

Habari za jioni wakuu, poleni na foleni.

Mi ni mtumishi wa serikali hapa Dar, kitengo cha usalama kwenye taasisi moja ambayo watu wanaingia na kutoka kutwa nzima. Bosi kaniita nikajua tayari nimeharibu sehemu, kumbe jina langu limependekezwa kwenye ile kozi ya ugaidi na usalama ya kituo cha George C. Marshall, kipo Garmisch-Partenkirchen huko kusini kabisa mwa Ujerumani milimani, kinaendeshwa na Wajerumani pamoja na Wamarekani tangu 1993. Nauli na malazi juu yao, ni kama mwezi hivi.

Sasa furaha ipo ila na maswali yapo. Kwanza wanafundisha nini hasa, maana kama ni kuruka ukuta na kutegua mabomu mi kitambi hiki siwezi, kazi yangu ni kupanga walinzi na kuandika ripoti. Pili kiingereza changu ni cha kuombea maji, kusoma nasoma ila kusimama mbele za watu nikaongea daah. Tatu, mi ni muislamu na jina langu linajieleza lenyewe, nawaza pale uwanja wa ndege nikiulizwa naenda kufanya nini niseme naenda kusomea ugaidi?? Na huku mtaani pia watu wana maneno. Nne na ndo kubwa, wenzetu wana kamera kila kona na kila mlinzi ana redio, sisi redio mbili geti zima na moja haishiki chaji, sasa ntajifunza vitu nikirudi nivifanyie kazi wapi?

Aliyewahi kwenda huko au sehemu kama hiyo anipe mwanga. Matusi weka pembeni.

ChumviYaKunduchi

Hongera mkuu, nenda kale posho, picha ya theluji lazima, ukirudi utaandika ripoti ya kurasa 20 itafungiwa kabatini na maisha yanaendelea. Nimeona wengi wakienda hizo semina za wazungu na geti la ofisini kwao bado linafunguliwa kwa honi tu, ukipiga honi kwa kujiamini mlinzi anakupigia saluti.

Alafu mkuu punguza maelezo. Dar, kitengo cha usalama, taasisi ya watu wengi, kozi fulani, Buza, yaani anayekutafuta ashakupata hajatumia hata bando la maana. Somo la kwanza la usalama hilo, nimekupa bure kabla hujapanda ndege.

MtotoWaBuza

Hahaha Chumvi umenishika pabaya. Buza sikai ila ujumbe umefika.

KacheroMstaafu

Kijana hongera sana na usimsikilize sana Chumvi, ingawa la geti na honi kasema kweli.

Mimi katika utumishi wangu nilipita Otse kule Botswana nje ya Gaborone, ile akademia ya Wamarekani ya kufundisha polisi wa Afrika ambayo ilianza mwaka 2001, na baadae nikapelekwa hiyo hiyo Garmisch unayoisema. Hizi sehemu hazifanani, na wengi wanakwenda wakitegemea kitu kingine wakifika wananuna. Otse ni kazi ya upelelezi, eneo la tukio, ushahidi, mambo ya askari. Kuna nyingine ipo Valletta, Malta, tangu 2014, ile ni ya majaji, waendesha mashtaka na wapelelezi, wanakaa kwenye sheria, namna gani kesi ya ugaidi isimame mahakamani bila kumpiga mtu. Garmisch ni ya wapangaji. Hakuna bunduki hakuna kuruka ukuta, kitambi chako kiko salama, na kwa chakula cha kule kitaongezeka.

Mtindo wao ni huu, asubuhi mnakaa ukumbini wote mnasikiliza mhadhara, alafu mnagawanywa vikundi vidogo vya nchi mchanganyiko, kwenye meza moja unaweza kukuta kanali kutoka Asia ya kati, mwanasheria wa Balkan, mtu wa forodha wa Afrika magharibi na wewe. Mihadhara mingine kusema kweli ni ya kawaida, ungeweza kusoma mwenyewe nyumbani. Kikundi ndo kozi. Na wana kanuni moja wanaishika kweli kweli, kwamba kilichosemwa mle unaweza kukitumia ila hutaji nani kasema wala katoka nchi gani, kwa hiyo watu wanafunguka, mtu anakwambia kabisa sisi tulivurunda hivi na hivi. Ndo maana hapa sitakutajia watu.

Sasa nikupe mfano mmoja wa vitu vinavyochambuliwa, maana uko jirani na pale, Munich ni treni ya saa moja na kitu tu. Septemba 5, 1972 kwenye Olimpiki ya Munich watu wenye silaha wakawateka wanamichezo wa Israel kwenye kijiji cha wanamichezo. Wajerumani walitaka olimpiki ya amani, polisi wengi hawana hata silaha, wakati huo sheria yao usalama ni kazi ya jimbo la Bavaria sio ya serikali kuu. Wakapanga kuvamia lile jengo, askari wakapanda juu ya paa, kumbe televisheni inarusha kila kitu mubashara na watekaji wako ndani wanaangalia, ikabidi waache. Usiku wakawahamishia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Fürstenfeldbruck. Pale waliweka walenga shabaha 5 wakiamini watekaji ni 5, kumbe ni 8, na polisi waliowaona 8 habari haikufika kwa waliolala na bunduki. Hao walenga shabaha wenyewe hawana redio za kuongea, magari ya deraya yakakwama kwenye foleni. Wakafa Waisraeli 11 jumla na polisi mmoja wa Kijerumani.

Naomba uone kitu hapo. Hii ni Ujerumani magharibi, nchi tajiri, sio kwamba hawakuwa na hela ya redio. Hakuna aliyekaa kabla akajiuliza huyu atamwambiaje yule. Wiki chache baadae wakaunda GSG 9, kikosi maalum cha polisi cha kupambana na ugaidi, na miaka mitano mbele, Oktoba 18, 1977 kikosi hicho hicho kikaikomboa ndege ya Lufthansa pale Mogadishu, mateka wote 86 waliokuwa ndani wakatoka hai, rubani mkuu alikuwa kashauawa Aden. Na wanajeshi wa Somalia walishiriki, wao ndo waliwasha moto mbele ya ndege kuwavuta watekaji waangalie kule mbele. Kwa hiyo ukifika pale mtu akikuambia Afrika mashariki mmekuja kujifunza, na wewe unayo ya kusema.

Kiingereza usiogope, nusu ya mnaokaa nao ni wa kuombea maji kama wewe. Ongea polepole. Wanaoongea haraka ndo hawaeleweki.

SharifuWaKisauni

Salaam aleikum wote. Mimi ni wa Mombasa, nimefanya sekyuriti ya hoteli za ufukweni miaka mingi, ngoja nami nitie neno.

Ndugu yangu hilo la jina usilione dogo lakini pia usilifanye jabali. Pale uwanja wa ndege sema waenda kozi ya usalama ya kiserikali, toa barua ya mwaliko na ya mwajiri wako, basi. Usianze kueleza mambo ya ugaidi kwenye foleni ya uhamiaji, wallahi hata mimi ningekuweka kando.

La mtaani ndilo zito. Sisi huku tumelipitia. Mwaka 2014 serikali yetu ilifanya msako wakauita Usalama Watch, watu kwa maelfu wengi wao Wasomali wakazolewa wakapelekwa uwanja wa Kasarani Nairobi, wazee, kina mama, watoto. Hebu niambie baada ya hapo nani Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi Nairobi, atampigia polisi simu amwambie kuna kijana simuelewi? Simu ile ndiyo ulinzi wenyewe, kamera haimjui mtoto wa jirani alobadilika. Kwa hiyo wewe kwa jina lako hilo na mtaa wako huo una kitu ambacho wengi katika ukumbi huo hawana, waeleze. Si kwenda kukaa nyuma kuandika notisi tu.

Na la pili, ukiulizwa kuhusu kwetu usiwaache watu wakasema Afrika hakujabadilika kitu. Westgate, yale maduka ya Nairobi, Septemba 2013 wavamizi wanne walitushika siku nne, watu 67 wakafa, na aibu kubwa ni kuwa polisi na jeshi waliingia hawajuani, kamanda wa Recce, kikosi maalum cha polisi, akauawa na risasi za upande wetu wenyewe, polisi wakatoka, muda ukapotea. Chuo kikuu cha Garissa Aprili 2015 shambulio limeanza alfajiri, kikosi cha Recce kimeingia jioni, wakafa watu 148. Lakini hoteli ya DusitD2 Nairobi, Januari 2019, waliingia mapema, kulikuwa na anayeongoza anajulikana, waliokwama wakitolewa ghorofa kwa ghorofa huku mapambano yaendelea, asubuhi ya pili imekwisha na zaidi ya watu 700 walitolewa. Walikufa 21, si wachache, kila mmoja ana mama yake. Ila mtu wa kazi hii akizitazama Westgate na Dusit aona watu walikaa wakajifunza. Baadhi ya mafunzo yalitoka nje, Marekani na Uingereza wamesomesha Wakenya wengi, lakini mwalimu mkali zaidi alikuwa Westgate yenyewe.

ChumviYaKunduchi

Sharifu nakusoma. Ila mi swali langu bado liko pale pale, hawa wanaotulipia nauli wana maslahi yao. Neno gaidi wanalipanga wao. Mandela mwenyewe alikuwa kwenye orodha yao ya Marekani mpaka 2008, kashakuwa rais kashastaafu kashapewa Nobeli bado anahitaji kibali maalum kuingia. Sasa mtu huyo huyo anifundishe nani gaidi?

KacheroMstaafu

Chumvi hilo la Mandela lilisemwa mle ukumbini mbele yao na aliyesema siwezi kumtaja kwa kanuni ile ile, ila kiswahili anakijua vizuri.

Walijibu nini? Hawakukataa. Umoja wa Mataifa mpaka leo haujakubaliana tafsiri moja ya ugaidi, kila nchi ina sheria yake, sisi tuna ya 2002, Uganda pia 2002, Kenya wakaja kupitisha yao 2012 baada ya kelele nyingi. Maslahi wanayo ndio, bila Septemba 11 kozi ile isingekuwepo. Unakwenda ukijua hivyo, unachukua kinachokufaa. Shida ni yule anayekwenda akarudi na kila kitu kama kilivyo, anataka mgahawa wa Kariakoo ukaguliwe kama Heathrow.

DadaWaSalford

Jamani ngoja na mimi niingie, nasoma huku niko zamu ya usiku 😅

Niko Manchester, mbongo, nafanya kazi ya ulinzi, nina leseni ya SIA, mamlaka ya sekta ya ulinzi ya huku, kama waswahili wengi tu. MtotoWaBuza umesema wenzenu wana kamera kila kona na redio kila mlinzi. Haya nikupe ya hapa kwangu.

Mei 22, 2017 Manchester Arena, tamasha, watoto wengi. Yule kijana mwenye bomu alishakuja mara kadhaa kabla kuangalia mazingira. Usiku wenyewe alikaa juu kwenye kipande ambacho kamera hazikioni, begi kubwa mgongoni. Mzazi mmoja aliyekuja kuchukua mtoto akamtilia shaka, akamfuata hata kumuuliza, akaenda kumwambia mlinzi, akahisi amepuuzwa. Taarifa ikamfikia mlinzi mwingine, kijana wa miaka 18, akamuangalia yule mtu, moyo unamwambia kuna kitu, akashika redio kuita chumba cha udhibiti ikawa haipatikani, watu wanaongea juu kwa juu, akaacha. Baadae aliiambia tume ya uchunguzi kwamba pia aliogopa akikosea ataitwa mbaguzi. Saa nne na nusu usiku ikalipuka. Watu 22. Zimamoto walichelewa zaidi ya saa 2 kufika wakati kituo hakiko mbali, kwasababu kila kikosi kinasubiri maelezo ya mwenzake.

Hiyo ni Uingereza yenye kamera zote hizo.

Sasa nilipokuwa nasoma ripoti ile nikakumbuka ya kwetu. Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani Nairobi, mlinzi wa geti la nyuma alikataa kuwafungulia wale wa lori la bomu. Akajaribu kuita kwa redio, masafa yanatumika. Akapiga simu ndani, laini ina mtu. Wakarusha guruneti, watu maofisini wakasogea dirishani kuangalia kuna nini, alafu ndo bomu lenyewe, vioo vikawala. Walikufa 213. Na Dar siku hiyo hiyo lori jingine la bomu lilizuiwa getini na gari la maji la ubalozi lililokuwa pale, likameza sehemu kubwa ya kishindo, tukapoteza watu 11, bila hilo gari sijui.

Miaka 19 katikati, nchi mbili tofauti kabisa, mlinzi wa getini anajua na redio haimpokei. Na wote wawili ni wale wa mshahara wa chini ambao hakuna semina inayowaita. Ndo kinachoniudhi mimi. Wanaopelekwa Ujerumani ni wakuu wa vitengo (samahani kaka), anayemuona mtu wa kwanza ni mlinzi ambaye hata chai hajanywa.

Huku sasa wamepitisha sheria Aprili 2025, wanaiita Sheria ya Martyn, jina la mmoja wa waliokufa, mama yake alihangaika miaka kuipigania. Sehemu inayotarajiwa kuwa na watu 200 au zaidi kwa wakati mmoja lazima iwe na mpango wa kuwatoa watu, kufunga milango, kuwaambia nini kinatokea, na walioko kazini waujue. Kuanzia 800 masharti yanaongezeka. Wamepewa angalau miaka miwili kujiandaa. Hiyo ya 200 wala haidai mashine za gharama, inadai ufikirie kabla. Alafu kuna mafunzo ya bure ya intaneti yanaitwa ACT, ya polisi wa huku, nimefanya kwenye simu nikiwa kwenye basi, namna ya kumtambua mtu anayechunguza jengo na namna ya kwenda kumsalimia. Salamu tu, kaka nikusaidie nini? Mwenye shida zake ataeleza, mwenye nia mbaya hapendi kuangaliwa usoni.

SharifuWaKisauni

Dada umesema kweli tupu. Hiyo ya salamu sisi pwani twaweza kuifundisha dunia nzima. Mzee wa getini kwetu akikusalimu waweza kumaliza dakika kumi ashajua umetoka wapi, waenda kwa nani na babako alikuwa akifanya kazi gani.

Shida walinzi wa siku hizi wamefundishwa kupapasa mifuko wakitazama simu. Kile kijiti cha kupima chuma chalia pii mtu apita, hakuna swali. Ukaguzi wa kuonekana tu huo.

MtotoWaBuza

Aisee nimesoma zote mara mbili, nimeacha hadi mpira. Dada wa Salford usiombe samahani, umesema ukweli na mi wala sio mkuu, ni msaidizi wa msaidizi, ila jina limeangukia kwangu.

Nina swali lingine kwa Kachero. Ntaulizwa kuhusu kwetu, na kwetu kuna mauaji ya Kibiti 2017, na shambulio la Kitaya kule Mtwara Oktoba 2020 walipovuka kutoka Msumbiji. Mambo ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, yako mpakani kabisa. Naruhusiwa kuyasema? Au nikae kimya nisije nikarudi nikaitwa ofisi ambayo si yangu?

KacheroMstaafu

Swali zuri na hili ndo la kuuliza kabla ya koti la baridi.

Kabla hujaondoka muombe bosi wako kwa maandishi akuambie mipaka, nini unasema nini husemi. Usijiamulie mwenyewe. Kanuni ya kutotaja wasemaji inakulinda kwa wenzako wa darasani, haikulindi kwa mwajiri wako. Vitu vilivyoandikwa magazetini unaweza kuvizungumza. Idadi za askari, wapi wamekaa, majina, kesi iliyo mahakamani, hapana, na atakayekuuliza hayo jioni kwa upole huku anakununulia soda mjibu kwa upole hivyo hivyo kwamba hujui. Watakuwepo. Semina kama ile kila mtu anafanya kazi, hata wakati wa kahawa.

Cabo Delgado wataiulizia sana maana wengi hawaielewi, wanadhani ilianza Palma Machi 2021 kwasababu ndo walikuwepo wazungu wa gesi. Waambie ilianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, na watu wa pande zote mbili za Ruvuma ni ndugu, wanaoleana, wanaongea Kimakonde na Kiswahili, kwa hiyo ukifunga mto umefunga na harusi. Hilo hakuna profesa atawaambia vizuri kuliko wewe.

Mengine haraka haraka. Kwenye fomu andika huli nguruwe mapema, Bavaria ukichelewa kusema hilo utaishi kwa viazi. Koti zito nunua huko huko mitumba yetu haitoshi. Viza ya Schengen omba mara tu barua ikitoka. Na kama kuna mtu atakutumia barua pepe kusema umechaguliwa lakini lipa kwanza dola kadhaa za usajili, hiyo sio Garmisch, hiyo ni mtu yuko Sinza. Hizi kozi za serikali jina linapita ubalozini na wizarani, mshiriki halipi kwa wakala.

ChumviYaKunduchi

Sinza tena mzee, mbona umetutaja majirani zangu 😂

Sawa nenda kaka. Ila mi nakuwekea dau. Ukirudi usianze na ripoti, anza na ile redio isiyoshika chaji.

MtotoWaBuza

Chumvi hiyo redio nimeiandikia dokezo leo mchana, kabla hata ya kuandika la viza. Nimeomba betri nne na siku moja kwa mwezi walinzi wote wa zamu wapige redio kwa mkupuo tuone nani anasikika na nani hasikiki. Mhasibu kaniuliza hiyo inahusiana nini na safari ya Ujerumani.

DadaWaSalford

Mwambie mhasibu aje asimame getini zamu moja. Na hiyo siku ya kujaribu redio msiwaambie saa, kaka, la sivyo wote watasikika.